Mtoto Aliyenyamaza Hajazoea: Hotuba Kuhusu Utoto Wangu Katika Nyumba ya Nafuu

Hotuba hii niliitoa mbele ya wauguzi wa wodi za watoto na wazazi wanaouguza. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha nimeziacha. Hazikuwa nyingi, na hazikuwa nzuri.

Ndugu zangu wauguzi, mama zangu na baba zangu mnaouguza, na nyie wadogo zangu mnaosomea kazi hii: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana. Asanteni kwa kuniita.

Mimi si daktari. Nimeitwa kwa sababu niliwahi kuwa mgonjwa, tena mgonjwa mdogo, wa kulala miezi kwa miezi mbali na kwetu, katika nyumba ya watoto waliokwisha kutoka hospitali lakini hawajafikia kurudi nyumbani. Sisi tuliiita nyumba ya nafuu, na leo nitaiita hivyo hivyo.

Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia mpaka mnichoke: mwambieni mtoto. Mwambieni ana nini. Mwambieni atakaa mpaka lini. Mwambieni nani anakuja na nani haji. Mkitoka hapa mmesahau mengine yote mkalikumbuka hilo, sitaudhika hata kidogo.

Vijana wengi humu hamjawahi kuziona nyumba za aina hii, kwa hiyo niwaeleze zilitoka wapi. Zamani daktari wa watoto alikuwa na dawa chache mno. Alichokuwa nacho ni hewa, jua, maziwa, kitanda na muda. Basi akavitumia hivyo hivyo. Kule Margate, pwani ya Uingereza, mwaka 1791 ilianzishwa hospitali ya kuoga maji ya bahari kwa ajili ya maskini wenye kifua kikuu cha tezi na mifupa. Huko Leysin, milimani Uswisi, daktari Auguste Rollier akafungua kliniki ya jua mwaka 1903. Watoto wenye kifua kikuu cha mifupa walianikwa juani kidogo kidogo, leo nyayo, kesho mpaka magotini, mpaka mwili mzima uzoee. Wales kulikuwa na Craig-y-nos, kasri la mwimbaji mashuhuri Adelina Patti, lililogeuzwa kuwa hospitali ya kifua kikuu mwaka 1922. Watoto walilazwa kwenye roshani usiku na mchana, hata theluji ikidondoka juu ya blanketi, maana hewa baridi ilihesabiwa kuwa dawa. Wazazi waliruhusiwa kuja mara moja kwa mwezi.

Niseme tangu mapema: siwacheki watu hao. Kabla ya streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, kugunduliwa mwaka 1943, wewe ungefanya nini? Ungemwacha mtoto kwenye chumba chenye moshi na unyevu, analala na ndugu watano? Jua lilikuwa kitu. Maziwa yalikuwa kitu. Wapo waliopona kweli. Dawa zilipokuja, vitanda vikaanza kubaki vitupu, na Craig-y-nos ikafunga wodi zake za kifua kikuu mwaka 1959. Tabia za nyumba hizo, hata hivyo, hazikufungwa pamoja na milango. Kengele, kimya cha mchana, kadi isiyosomwa na mwenyewe, mzazi wa kusubiri siku yake: hayo yalihamia kwenye nyumba nyingine, na mojawapo ndiyo niliyolala mimi.

Sasa nije kwangu.

Mimi niliugua homa ya baridi yabisi. Wauguzi mnaijua, lakini kwa ajili ya wazazi nieleze. Mtoto anaumwa koo, koo la kawaida tu la bakteria. Linapita. Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba, halafu goti linapoa na maumivu yanahamia kwenye kifundo, kisha kiwiko, kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Kinga ya mwili iliyotumwa kupigana na bakteria imechanganyikiwa, inashambulia mwili wenyewe. Viungo vitapona bila alama. Moyo ndio wa kuogopa, maana vali zake zinaweza kubaki na makovu maisha yote. Mfaransa mmoja wa karne ya 19, daktari Lasègue, alisema ugonjwa huu hulamba viungo lakini huuma moyo. Unawapata zaidi walio kati ya miaka 5 na 15, yaani watoto ambao kazi yao duniani ni kukimbia.

Na tiba yake enzi hizo? Kutokukimbia. Kutokusimama. Kulala chali ili moyo upumzike. Mtoto analishwa, anaogeshwa, anajisaidia hapo hapo. Mtu mzima akiambiwa hivyo anauliza: kwa muda gani? Mtoto naye anauliza. Tofauti ni kwamba mtoto hajibiwi.

Mimi niliuliza. Nikaambiwa, "Utatoka ukipona." Nikauliza nitapona lini. Nikaambiwa, "Ukilala vizuri." Ndugu zangu, hebu pimeni majibu hayo mawili. Mtoto wa miaka minane anaelewa nini hapo? Anaelewa kwamba asipotoka, ni kwa sababu hakulala vizuri. Kosa ni lake.

Nitawapa mfano wa karibu kabisa. Pembeni ya meza ya sista kulikuwa na stendi ya mbao yenye mirija myembamba ya glasi, imesimama wima, kila mmoja una alama za milimita kutoka juu mpaka chini. Damu yetu ilitiwa humo ikaachwa saa nzima bila kuguswa. Chembe nyekundu zilishuka taratibu, juu yake yakabaki maji ya njano. Damu ya mtu mzima wa afya inashuka kidogo tu. Damu ya mwenye uvimbe mwilini inashuka mbio. Saa ikitimia, sista anainama, jicho usawa wa mstari, anasoma namba, anaiandika kwenye kadi, kadi inarudi kwenye ndoano miguuni pa kitanda, imegeuziwa ukutani.

Namba hiyo ndiyo iliyokuwa inaamua. Ikiwa juu, unaendelea kulala. Ikishuka chini ya 20 na ikakaa huko, unaruhusiwa kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Halafu kiti. Halafu hatua mpaka dirishani. Halafu ruhusa.

Mnadhani kuna aliyetuambia hivyo? Hakuna. Tuliligundua wenyewe. Kulikuwa na kijana mkubwa kidogo kutuzidi, tumwite Kaka, maana ndivyo tulivyomwita. Alikuwa amefika hatua ya dirishani, kwa hiyo aliweza kupita miguuni mwa vitanda. Akawa anazisoma kadi akienda na kurudi, kisha usiku anatutangazia: wewe 62, wewe 40, wewe 18, jiandae. Kaka ndiye aliyekuwa mganga mkuu wetu. Alijua nani atatoka kabla ya daktari wa raundi kufungua mdomo.

Lakini Kaka alijua namba, hakujua maana yake. Hakuna aliyetueleza kwamba damu inashuka kwa sababu ya uvimbe ambao mtoto hawezi kuuongoza kwa tabia njema. Kwa hiyo tukatunga sayansi yetu. Mmoja alisema ukikojoa kitandani namba inapanda. Mwingine akasema ukimlilia mama usiku, damu inakuwa nyepesi na kushuka haraka. Hilo la pili lilituingia kweli kweli. Wodi nzima ya watoto ikaacha kulia usiku. Sista wa zamu alifurahi sana. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba kundi hili lina watoto wazuri.

Mnaona ilivyokuwa? Watoto wazuri! Tulikuwa tunaogopa damu zetu wenyewe.

Kitu kingine ambacho hatukuambiwa ni kuhusu masikio. Aspirini tuliyopewa ilikuwa nyingi, mara nyingi kwa siku, na aspirini ikiwa nyingi masikio yanavuma. Ni jambo linalojulikana; madaktari wa zamani walilitumia hata kama alama kwamba dozi imefika mwisho wake. Mimi nilisikia mvumo huo nikajua kabisa kwamba kuna mdudu amejenga kichwani. Nilikaa naye siku nyingi. Nilimpa jina. Siku nilipothubutu kumweleza sista, alipunguza dozi na kuandika kwenye kadi, akageuka kwenda zake. Neno moja tu lingetosha: "Ni dawa." Sekunde mbili! Mdudu angekufa siku hiyo.

Mwambieni mtoto, ndugu zangu. Haigharimu kitu.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha msichana ambaye mikono yake ilicheza yenyewe. Wauguzi mnaujua ugonjwa huo. Ni tawi la homa hiyo hiyo, na mwingereza Thomas Sydenham aliueleza tangu karne ya 17. Mikono inaruka, uso unakunja na kukunjuka, kikombe kinaponyoka, mwandiko unaharibika. Kabla hajaletwa kwetu alikuwa ameadhibiwa shuleni kwa uchafu wa daftari, na nyumbani kwa kuvunja vyombo. Aliletwa akiwa anaamini kwamba ana ukaidi uliomkaa mikononi. Akilala usingizi, mikono inatulia. Mimi nilikuwa naiangalia ikitulia. Kukicha inaanza tena, naye anaikalia ili isionekane. Hata humo ndani, katika nyumba ya wagonjwa, alikuwa anaficha ugonjwa.

Aliyemwokoa hakuwa daktari. Kulikuwa na sista mmoja wa sindano, mama wa makamo, ambaye nitamtaja tena baadaye. Siku moja alikaa kitandani kwa msichana yule, akaishika mikono yake miwili ndani ya yake, akamwambia kwa sauti ya kusikika na sisi sote: "Hii ni homa. Imeingia kwenye sehemu ya ubongo inayoamrisha mikono. Si wewe. Itaisha, huchukua miezi, lakini huisha." Alisema mbele yetu makusudi, naamini, ili sote tujue. Tangu siku ile hakuikalia tena. Akidondosha kitu, alikuwa anasema, "Homa hiyo," na sisi tunacheka naye.

Sasa nije kwenye suala la wageni, maana hapo ndipo mimi na baadhi yenu hatutakubaliana, na ni sawa tu.

Siku ya wageni ilikuwa moja, saa chache za mchana. Wazazi waliotoka mbali walifika muda umekwisha nusu. Wengine walitazama kupitia kioo. Sababu tulizozisikia ni mbili: maambukizi, na kwamba mama akija mtoto analia akiondoka, wodi inavurugika. Ya kwanza ilikuwa na kichwa na miguu, hasa kabla ya chanjo. Ya pili je? Ni kweli, mtoto alikuwa analia mama akiondoka. Swali ni kilio hicho kilikuwa kinasema nini.

Kuna mtu aliyelijibu swali hilo kwa ukaidi mkubwa. James Robertson, wa Uingereza, alifanya kazi wakati wa vita katika kituo cha watoto cha Anna Freud kule Hampstead, baadaye akaungana na daktari John Bowlby kuwachunguza watoto waliotenganishwa na wazazi. Alikaa mawodini akiangalia tu. Akaona hatua tatu. Kwanza mtoto analia na kuita, anapigania. Halafu anazama, anakata tamaa, halii sana. Halafu anachangamka, anakubali kila nesi, anacheza na yeyote. Mama akija, anamtazama kama mgeni, anapokea zawadi na kumpa mgongo. Na wodi ilikuwa inasema nini kuhusu hatua hiyo ya tatu? Ilikuwa inasema: amezoea!

Watu hawakumwamini. Basi akachukua kamera ndogo akapiga filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo. Na kwa kuwa alijua wataalamu watamwambia amechagua vipande vya huzuni, alipiga kwa saa zilizopangwa kabla, na saa ya ukutani akaiweka ionekane. Mwaka 1952 aliionyesha mbele ya madaktari wa London. Walikasirika, wengine wakasema ameyachafua mahospitali. Mtoto kwenye filamu halii sana. Hilo ndilo linalokata maini. Anajizuia, anamuuliza mama yake yuko wapi kwa sauti ya chini, katikati ya mazungumzo mengine, kama mtu anayeuliza saa.

Ilichukua mpaka mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Harry Platt kusema kwamba wazazi waruhusiwe kuja muda wowote, na mama wa mtoto mdogo apewe nafasi ya kulala naye. Na hata hapo hospitali nyingi zilijifanya hazikusikia. Mwaka 1961 akina mama wa Battersea, London, wakajiunga na kuanza kwenda kuuliza mlango kwa mlango: hapa kwenu saa za wageni ni ngapi, na kwa nini? Wala halikuwa jambo jipya kabisa. Kule Newcastle, daktari James Spence alikuwa anawalaza akina mama pamoja na watoto wao tangu miaka ya 1920, na wodi zake hazikuanguka.

Mimi niliiona hatua ya tatu kwa macho yangu. Kulikuwa na katoto ka kitanda cha pembeni, kadogo kuliko wote. Kalipoletwa kalilia mpaka sauti ikakauka. Baada ya muda kakawa kipenzi cha wodi. Kananyoosha mikono kwa kila anayepita, daktari, msafishaji, mgeni wa mtu mwingine. Mama yake alikuwa hajaweza kufika muda mrefu. Siku aliyofika, alikuja amevaa vizuri, ana kifurushi. Katoto kakamtazama, kakamtazama sista, kisha kakanyoosha mikono kwa sista. Yule mama alisimama na kifurushi chake. Sista, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Usijali, mama, ameshazoea hapa."

Mama zangu, mliowahi kupewa mgongo na mtoto wenu mkiwa mmetoka mbali kumwona: hakuwasahau. Aliwangoja kupita uwezo wake. Siku mbili tatu nyumbani ataanza kulia, atawang'ang'ania nguo, hatataka muingie hata msalani peke yenu. Watu watawaambia hospitali imemharibu, amekuwa mdekaji. Mwacheni alie. Ndiyo anarudi.

Na nyie wauguzi, mtoto akilia mama yake akiondoka, msiandike "anasumbua". Andikeni "anamjua mama yake". Mwenye kunyamaza ndiye wa kwenda kukaa naye.

Nisije nikaonekana nimekuja kulalamika tu. Nyumba ile ilikuwa na raha zake, na watu wanaoieleza kama jela tupu sikubaliani nao. Tulikuwa na mwalimu aliyekuja kitandani, anakuachia hesabu na kuhamia kwa mwingine. Nilirudi shuleni nikiwa mbele ya wenzangu kwa kusoma. Tulikuwa na kamba tuliyoipitisha kitanda kwa kitanda, tunafungia barua na kuivuta saa ya kimya. Kuna wimbo tulioutunga wa kumsema daktari wa raundi ambao siwezi kuuimba hapa mbele ya madaktari. Urafiki wa watoto waliolala pamoja miezi mingi hauna mfano; hata leo nikikutana na Kaka tunaulizana namba.

Lakini nyumba hutofautiana, tena sana. Ujerumani baada ya vita kuu ya pili, mpaka miaka ya 1980, mamilioni ya watoto walipelekwa baharini na milimani, kwa kawaida wiki 6, ili wanenepe na kupata hewa. Wengi hawakuwa wagonjwa, walionekana wembamba tu. Miaka mingi baadaye waliokuwa watoto hao wakaanza kutafutana, na mwaka 2019 wakakutana kisiwani Sylt kusimuliana. Wapo waliokumbuka mchanga na mawimbi. Wengine wengi walikumbuka kulazimishwa kula mpaka watapike, na kadi za posta walizoandikiwa au kusomewa kabla hazijatumwa, zote zikisema: hajambo, anafurahi. Mzazi nyumbani anasoma anafurahi, anaibandika ukutani. Mtoto yuko kule anajiuliza mbona nimeandika ninateseka na mama haji?

Hapo tena, ni lile lile. Neno lilikatwa katikati. Safari hii lilikatwa kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi.

Kuhusu kurudi nyumbani nitasema kwa kifupi, ingawa peke yake lingejaza siku. Watu wanadhani ruhusa ndiyo mwisho. Nilirudi nikakuta mdogo wangu amehamia sehemu yangu ya kulala, na ana maneno na michezo nisiyoijua. Nilikuwa naamka alfajiri nikisubiri kipimajoto. Nilikuwa naomba ruhusa ya kukaa. Baba alinitazama siku moja nikimwomba nikae kwenye kiti cha nyumbani kwetu, akatoka nje. Halafu likaja lile la "usikimbie". Kila mtu alinikataza kukimbia, hakuna aliyesema mpaka lini, nami sikuuliza tena, nilikuwa nimeshajifunza. Nilipofika ujana, daktari mmoja alinisikiliza moyo akashangaa: "Nani kakwambia usikimbie? Ulishapewa ruhusa ya kucheza miaka mingi iliyopita, imeandikwa hapa." Ilikuwa imeandikwa. Kwenye kadi.

Ndugu zangu, msidhani hizi ni hadithi za kale. Vitanda vya kulala chali miezi na miezi vimepungua, ni kweli, penisilini imetusaidia. Ugonjwa wenyewe uko pale pale. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na mioyo iliyoumwa na homa hii, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo, na mwaka 2018 mkutano wa afya wa dunia ulipitisha azimio juu yake. Na mtoto aliyeipata mara moja anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, mara nyingi kwa miaka 10 na zaidi, ili koo lingine lisije likaurudia moyo. Miaka 10! Hebu fikirieni mtoto anayechomwa sindano nzito hivyo miaka yote hiyo bila kujua kwa nini. Hana homa. Haumwi. Anacheza mpira. Siku moja atafika umri wa kukataa, na atakataa. Atakayeendelea ni yule anayejua.

Ndiyo maana nilisema nitamtaja tena sista wa sindano. Sindano ile ni nzito, inaingia taratibu, inauma. Yeye alikuwa anaichukua chupa mapema, anaizungusha katikati ya viganja vyake akipita kitanda kwa kitanda, ipate joto la mwili, maana ikiwa baridi inauma zaidi. Akikufikia anakwambia upande: "Juzi kulia, leo kushoto." Kisha anasema: "Itauma. Hesabu taratibu mpaka 10. Ukifika 8 nitakuwa nimemaliza." Tulihesabu. Tulipofika 8, alikuwa amemaliza. Kila mara. Hakuwahi kusema haitauma, na hakuwahi kufika 9. Wengine walituambia "haiumi, ni kama mbu", na hao tulikuwa tunawapigia makelele mpaka waitwe watu watatu kutushika. Yeye alituchoma wodi nzima peke yake.

Kwa hiyo nina ombi, na ni dogo. Kila kitanda cha mtoto kina kadi ya daktari. Wekeni ya pili, upande wa kichwani, iangalie ndani kwa mtoto. Iandikwe kwa herufi kubwa, na asiyejua kusoma achorewe. Mistari mitatu inatosha: ninaumwa nini, kesho nitafanyiwa nini, nani anakuja kuniona na siku gani. Kama siku ya kutoka haijulikani, andikeni "hatujui bado, tutakuambia ijumaa", na ijumaa mwambieni, hata kama jibu ni lile lile. Mzazi anayeondoka aandike mwenyewe atakaporudi, mtoto akiwa anaona. Na msitoroke. Nawaomba sana, msisubiri alale ndipo mtoke kwa kunyata. Akiamka na hamupo, hatalala kwa amani tena.

Mtasema wauguzi ni wachache na vitanda ni vingi. Najua. Nimeuliza wauguzi wawili kabla ya kusimama hapa, wameniambia kadi hiyo inaweza kuandikwa wakati wa kupima joto la asubuhi, kipimajoto kikiwa kwapani. Mmoja wao yuko hapa mbele na ameshatengeneza ya mfano; atawaonyesha sasa hivi. Baada ya hapo tutachukua maswali, na naomba tuanze na wale wa zamu ya usiku, maana wana kazi jioni hii.